Peisistratus na wanawe: Athens ilivyojipa mtawala kwa kura, kisha ikajitungia wakombozi

Kwenye uwanja wa soko wa Athens ya kale palikuwa na sanamu mbili za shaba zilizosimama pamoja. Moja ni ya kijana asiye na ndevu, ameinua upanga juu ya kichwa. Ya pili ni ya mtu mzima mwenye ndevu, ametanguliza mkono uliotundikwa joho. Kijana ni Harmodius, mkubwa ni Aristogeiton. Waathene waliwaenzi kuliko karibu binadamu wote. Wazao wao walilishwa bure kwa gharama ya mji, kizazi baada ya kizazi, na kwenye karamu watu waliimba kwamba hawa wawili ndio waliomuua mtawala wa mabavu na kuifanya Athens kuwa mji wa watu wenye haki sawa.

Ila hapo pana kasoro. Mtu waliyemuua, mwaka 514 KK, aliitwa Hipparchus, na Hipparchus hakuwa mtawala. Mtawala alikuwa kaka yake, Hippias, ambaye siku hiyo hakupata hata mkwaruzo. Aliendelea kutawala kwa muda wa kama miaka minne, tena kwa ukali ambao mji haukuwahi kuuona kwake wala kwa baba yake. Waliomng'oa hatimaye ni askari wa Sparta, walioletwa na kauli ya mungu ambayo, kwa ushahidi tulionao, ilinunuliwa.

Kwa nini basi sanamu za wale wawili? Nionavyo mimi, Athens iliingia chini ya utawala wa mtu mmoja kupitia mlango wa mbele, kwa kura yake yenyewe, na ikatolewa humo na jeshi la wageni. Mambo yote mawili yalikuwa ya aibu. Ikaona afadhali iimbe habari za visu viwili.

Tuanze na baba mtu, Peisistratus. Huyu hakuwa mtu wa kuokotwa. Alizaliwa kwenye ukoo mkubwa, akiwa na undugu na Solon, mtunga sheria wa Athens, kwa upande wa mama, na jina alilipata vitani, alipowapiga jirani zao wa Megara na kuiteka bandari yao ya Nisaea. Mji aliokulia ulikuwa umechoka. Mwaka 594 KK Solon alikuwa amefuta madeni ya wakulima na kupiga marufuku mtu kutiwa utumwani kwa sababu ya deni, lakini ardhi hakuigawa. Maskini wakaona wamepewa nusu, matajiri wakaona wameporwa, naye akafunga mizigo akaenda safari ndefu ng'ambo. Ugomvi ukarudi palepale. Kuna miaka mji ulishindwa hata kumpata arkoni, yaani kiongozi mkuu wa mwaka. Mmoja aliyepatikana, Damasias, alikataa kuondoka muda wake ulipokwisha, mpaka akatolewa kwa nguvu.

Hapo zikazuka kambi. Watu wa Tambarare, wenye mashamba mazuri, walikuwa chini ya Lycurgus. Watu wa Pwani walimfuata Megacles, mkuu wa ukoo tajiri wa Alcmaeonidae. Peisistratus akaja akaunda kambi ya tatu, ya watu wa Milimani. Aristotle, aliyeyaandika haya karne mbili baadaye, anaeleza ni akina nani waliojiunga naye zaidi ya maskini wa kawaida: waliokuwa wakidai watu na madai yao yakafutwa na Solon, na wale ambao nasaba yao ilitiliwa shaka na wakaogopa kuvuliwa uraia. Yaani alikusanya wenye kinyongo na wenye hofu, watu ambao kambi nyingine hazikuwa na la kuwaambia. Hiyo ni akili ya kisiasa, na tusiibeze.

Kisha, kama mwaka 561 KK, akaingia sokoni na gari lake, yeye na nyumbu wake wakivuja damu. Akasema maadui wamemvizia njiani akielekea shamba, ameponea chupuchupu. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema majeraha yale alijitia mwenyewe, na sioni sababu ya kumpinga. Mkutano wa wananchi ukaitishwa. Mtu mmoja, Ariston, akatoa hoja kwamba shujaa huyu wa vita apewe walinzi. Tena si walinzi wa mikuki, la hasha, mikuki ingewatia watu hofu. Wapewe marungu. Plutarch, mwandishi wa karne nyingi baadaye, anataja walinzi 50, na anaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote: baada ya hoja kupita, hakuna aliyejishughulisha tena kuwahesabu. Wakaongezeka, watu wanaangalia tu, mpaka siku walipopanda Acropolis, ngome ya mji, na kuikalia.

Nani angepiga kura ya kukataa siku ile? Mtu amekuja anavuja damu, aliwapigania, anaomba vijana 50 wenye fimbo. Kumnyima kungekuwa ukatili. Na baada ya kumpa, kusimama wiki ya tatu na kuuliza "mbona sasa ni wengi?" kungeonekana uchokozi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo mtu wa kawaida angeiona ni kubwa.

Solon, wakati huo mzee sana, ndiye aliyesimama. Aliwaambia wananchi kwamba yeye ana akili kuliko wasiong'amua hila ile, na ana ujasiri kuliko wanaoing'amua wakanyamaza. Kisha akatoa silaha zake akaziweka nje ya mlango wa nyumba yake, kuonyesha kwamba sehemu yake ameitimiza. Kuna beti zake zimebaki, na hazina huruma na Waathene wenzake. Anasema msiwasingizie miungu, ninyi wenyewe mmewakuza watu hawa kwa kuwapa walinzi. Kila mmoja wenu peke yake ni mjanja kama mbweha, mkikaa pamoja vichwa vinakuwa vitupu, mnatazama ulimi wa mtu na hamtazami anachofanya. Sijui mwanasiasa wa leo ambaye angethubutu kuwaambia wapiga kura wake maneno hayo.

Utawala ule wa kwanza haukudumu. Lycurgus na Megacles walipatana, wakamfukuza. Walipokwisha kumfukuza wakagombana wenyewe, na kama tujuavyo, vita vya panzi furaha ya kunguru. Megacles alipozidiwa alimtumia Peisistratus ujumbe: nikurudishe, nawe umuoe binti yangu? Wakakubaliana.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Namna walivyomrudisha ni hii. Walimtafuta mwanamke mrefu na mzuri wa kijiji cha Paeania, jina lake Phye, wakamvika vazi kamili la vita, wakampandisha kwenye gari la farasi na kumfundisha namna ya kusimama kwa haiba. Wapiga mbiu wakatangulia mjini wakitangaza kwamba mungu wa kike Athena mwenyewe anamrudisha Peisistratus kwenye ngome yake. Watu wakamsujudia Phye, wakampokea Peisistratus. Herodotus anakasirika hapa. Anasema Wagiriki wanajulikana kwa werevu kuliko mataifa mengine, na Waathene ndio werevu wa Wagiriki, iweje wadanganywe kwa upuuzi huu?

Mimi sidhani walidanganywa. Paeania si mbali na mji, na mwanamke mwenye kimo cha kukaribia mikono minne si mtu wa kufichika. Naamini wengi walijua ni Phye. Walichoona ni maandamano, na maandamano kwao yalikuwa ibada na siasa kwa pamoja. Alichokuwa akiwaambia ni kwamba kambi mbili zimeungana, vita vimekwisha, furahini. Wakaamua kufurahi. Watu hushiriki mchezo wa mkubwa huku wakijua ni mchezo, kwa sababu kubaki nje ya mchezo kuna gharama yake.

Ndoa ndiyo iliyoharibu. Peisistratus alikuwa na wana wakubwa tayari, na ukoo wa Megacles ulikuwa na laana: karne iliyotangulia, wafuasi wa Cylon, aliyejaribu kuupindua mji, walikimbilia madhabahuni na Alcmaeonidae wakawaua hivyohivyo. Peisistratus hakutaka damu hiyo iingie kwenye uzao wake. Basi akawa analala na mkewe kwa namna ambayo haileti mtoto. Binti alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia mama yake, mama akamwambia Megacles, na Megacles akaenda kupatana na maadui wake siku hiyohiyo, kwa namna ya kusema. Peisistratus akaondoka nchini kabla hajaondolewa.

Alikaa nje miaka kumi, na humo ndimo alimojifunza. Alikwenda kaskazini, kwenye mlima Pangaeum wenye dhahabu na fedha, akajipatia mali. Akachangiwa fedha na miji iliyokuwa na deni la fadhila kwake, Thebes ikiwashinda wote. Kutoka Argos wakaja mamluki 1,000. Kutoka kisiwa cha Naxos akaja Lygdamis, mtu wa kujitolea, na fedha zake na watu wake. Mwaka 546 KK akavuka kutoka Eretria na kushuka Marathon, na hapo wafuasi wake wa zamani wakatiririka kutoka mjini na vijijini kumlaki. Herodotus anawaeleza kwa kifupi: watu waliopenda utawala wa mabavu kuliko uhuru.

Majeshi yakakutana Pallene, kwenye hekalu la Athena. Mtabiri mmoja, Amphilytus, akamwendea Peisistratus na kumwambia kwa shairi kwamba wavu umekwisha kutupwa na jodari watakuja mbio usiku wa mbalamwezi. Peisistratus akaelewa. Watu wa mji walikuwa wamemaliza chakula cha mchana, wengine wakicheza dadu, wengine wamejinyoosha usingizini. Akawavamia hapo hapo. Walipokuwa wakikimbia, aliwapandisha wanawe farasi wawafuate, si kuwaua, bali kuwaambia: msiogope, kila mtu aende nyumbani kwake. Nao wakaenda. Jeshi lililotawanyika majumbani haliwezi kujikusanya tena, na mtu aliyeambiwa na mshindi wake "nenda kapumzike" hana hata kifo cha jirani wa kulipizia kisasi.

Aristotle anasimulia jinsi alivyowanyang'anya silaha, na ni mtindo uleule. Aliitisha gwaride la watu wenye silaha karibu na hekalu la Theseus, akaanza kuhutubia kwa sauti ndogo. Watu wakasema hawasikii. Akawaambia wasogee huku juu, langoni mwa Acropolis. Wakasogea, silaha wakaziacha chini, na wakati anaendelea kunong'ona watu wake walizikusanya na kuzifungia. Ndipo akapaza sauti: msishangae, msikate tamaa, rudini kwenye shughuli zenu, mambo ya umma nitayashughulikia mimi.

Na aliyashughulikia kweli, ndiyo shida ya kumwandika mtu huyu. Ukitaka dikteta wa kuchukiwa kirahisi, mtafute kwingine. Sheria za Solon aliziacha. Aliposhtakiwa kwa mauaji, alifika mwenyewe mbele ya Baraza la Areopago, mahakama ya kesi za mauaji, kujitetea, na aliyeshindwa kutokea ni mshtaki, kwa woga. Wakulima maskini aliwakopesha fedha. Aliteua mahakimu wa kuzunguka vijijini, na mara nyingine alizunguka mwenyewe akiamua kesi. Siku moja kwenye mlima Hymettus alimwona mzee akilima mahali pa mawe matupu, akatuma aulizwe shamba lile linatoa nini. Mzee, asiyejua ni nani anayeuliza, akajibu: linatoa maumivu na uchungu, na fungu la kumi la maumivu hayo achukue Peisistratus. Peisistratus akacheka na kumfutia kodi zote.

Hadithi inapendeza. Lakini msomeni Aristotle anavyoieleza ile mikopo. Anasema Peisistratus alitaka wakulima wabaki mashambani, wametawanyika, wana riziki ya kuwatosha na wameshughulika na mambo yao, wasiwe na hamu wala nafasi ya kuja mjini kufuatilia mambo ya umma. Na shamba likizaa, kodi inapanda. Shibe ilikuwa sera ya ulinzi. Watu waliukumbuka wakati ule kama enzi ya Kronos, ile enzi ya neema kabla dunia haijaharibika, na sioni kwamba walikosea kuhusu shibe yao. Walichokitoa kwa malipo yake hakikuonekana kwa macho, na hakikuuma mpaka mtu mwingine alipokalia kiti.

Matajiri walihitaji dawa tofauti. Watoto wa baadhi ya waliompinga alikuwa amewapeleka Naxos kama rehani. Wengine walipewa vyeo. Waandishi wa kale walituambia kwamba Alcmaeonidae walikaa uhamishoni kipindi chote cha utawala huu, wakiuchukia. Ndivyo familia ilivyopenda ieleweke. Bahati mbaya kwao, wachimbaji wa mambo ya kale walipata sokoni Athens, katika karne ya 20, kipande cha jiwe lenye orodha ya maarkoni. Katika miaka ya 520 KK, baada ya jina la Hippias, linafuata jina la Cleisthenes, mtoto wa Megacles. Baada yake Miltiades. Herufi nyingine zimevunjika, lakini majina yanasomeka vya kutosha. Wapinzani wa kufa na kupona walikuwa wakipokezana cheo na mtawala. Karibu kila familia iliyojigamba baadaye kwamba ilipigana ilikuwa na siku kama hizo za kuzifuta kwenye kumbukumbu.

Kuhusu majengo nitapita haraka: mfereji na chemchemi ya maji mjini, sikukuu kubwa ya Panathenaia iliyonogeshwa, na hekalu la Zeus lililoanzwa kwa ukubwa wa kutisha likaachwa bila kumalizika kwa zaidi ya miaka 600, mpaka Mfalme Hadrian wa Roma alipolikamilisha.

Peisistratus alikufa mzee, kwa maradhi, mwaka 527 KK au mmoja kabla. Wanawe wakarithi kama vile mji ni shamba la familia, na hakuna aliyeulizwa. Hippias, mkubwa, alishika utawala. Hipparchus alishika starehe na mashairi, akawaalika malenga maarufu, Anacreon na Simonides, waje kuishi Athens. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Lakini kuna dalili mapema kwamba mkono wa baba haukurithiwa. Cimon, tajiri wa farasi, alikuwa amefukuzwa na Peisistratus. Aliposhinda Olympia mara ya pili, aliruhusu ushindi utangazwe kwa jina la Peisistratus na kwa fadhila hiyo akarudishwa nyumbani. Akashinda mara ya tatu, kwa farasi walewale. Peisistratus hakuwepo tena, na wanawe wakawatuma watu wamvizie Cimon usiku wakamuua. Baba aliweza kumtumia mtu mwenye sifa, watoto waliona sifa ya mtu ni tishio. Mtoto wa Cimon ndiye yule Miltiades wa kwenye jiwe. Mwekeni akilini.

Kisa cha 514 KK chenyewe kilikuwa cha mapenzi. Hipparchus alimtamani kijana Harmodius, akamtongoza, akakataliwa. Harmodius tayari alikuwa na mpenzi, Aristogeiton, na mapenzi ya namna hiyo kati ya mwanamume na kijana yalikuwa desturi katika tabaka lao. Hipparchus akatafuta njia ya kuumiza bila kuonekana. Akafanya dada wa Harmodius aalikwe kubeba kikapu kitakatifu kwenye maandamano, heshima kubwa kwa msichana, kisha alipofika akaambiwa aondoke, hakuwahi kualikwa, hastahili. Aibu hiyo mbele ya mji mzima ndiyo iliyonoa visu.

Walipanga siku ya Panathenaia, wakaficha majambia kwenye matawi ya mihadasi. Mlengwa alikuwa Hippias. Lakini walipofika walimwona mmoja wa washirika wao akizungumza kirafiki na Hippias, aliyekuwa mtu wa kufikika na kila mmoja. Wakadhani wamesalitiwa. Wakakimbilia ndani ya mji, wakamkuta Hipparchus, wakamuua kwa hasira iliyokuwa imebaki. Harmodius aliuawa hapo hapo na walinzi. Aristogeiton alikamatwa baadaye. Mwanahistoria Thucydides anasema Hippias alipopata habari hakuonyesha chochote usoni. Aliwaambia wenye mikuki na ngao waende pembeni waache silaha zao, wakidhani ana neno la kuwaambia, kisha akawakamata waliokutwa na majambia. Aristotle anapinga, anasema wakati huo maandamano hayakuwa na silaha kabisa. Wakubwa hao wawili hawajawahi kupatanishwa, na huenda kisa kimoja cha kunyang'anya silaha kimegawanyika kwa baba na mwana. Wanachokubaliana ni matokeo: tangu siku hiyo Hippias akawa mwoga, na kwa woga akaua wengi. Akamwoza bintiye kwa mtoto wa mtawala wa Lampsacus, mji wenye sikio la mfalme wa Uajemi, ili akifukuzwa awe na pa kukimbilia.

Alcmaeonidae, sasa wakiwa uhamishoni kwelikweli, walijaribu kwa silaha wakapigwa. Wakajaribu njia nyingine. Hekalu la Apollo huko Delphi lilikuwa limeungua, na wao wakachukua kandarasi ya kulijenga upya. Makubaliano yalikuwa jiwe la kawaida. Upande wa mbele wakauweka marumaru ya Paros, kwa fedha zao. Baada ya hapo, kila Msparta aliyekwenda Delphi kuuliza jambo lolote, la serikali au la nyumbani kwake, kahini alimjibu kwanza: ikomboeni Athens. Herodotus anawataja Waathene kama chanzo cha habari kwamba kahini alihongwa.

Wasparta walikuwa na urafiki wa kale na nyumba ya Peisistratus, lakini neno la mungu waliliweka juu ya urafiki. Msafara wa kwanza, uliokuja kwa bahari chini ya Anchimolius, ulisagwasagwa na wapanda farasi 1,000 kutoka Thessaly, ambao Hippias aliwaita na kuwafyekea uwanda wote wa Phalerum wapate pa kukimbizia farasi. Mwaka 510 KK akaja mfalme Cleomenes mwenyewe kwa nchi kavu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hippias akazingirwa ngomeni, akiwa na chakula na maji ya kutosha, na Wasparta hawakuwa na nia ya kukaa zaidi ya siku chache. Angewashinda kwa subira tu. Ila watoto wa familia walikuwa wakitoroshwa nje kwa siri, wakakamatwa. Hippias akakubali kuondoka Attica, nchi ya Waathene, ndani ya siku tano ili arudishiwe watoto. Miaka 36 tangu Pallene ikaishia hapo, bila Mwathene wa kawaida kuwa na la kujisifia katika hitimisho lake.

La kujisifia lilikuja miaka miwili au mitatu baadaye, na ndilo ninalolishangaa zaidi. Cleisthenes na mpinzani wake Isagoras waligombea mji. Isagoras akamwita Cleomenes arudi, naye akaja na kikosi kidogo, akafukuza familia 700, akataka kulivunja baraza. Baraza likakataa. Watu wakakusanyika, wakawazingira Cleomenes na Isagoras juu ya Acropolis siku mbili, na siku ya tatu Wasparta wakaomba njia wakaondoka. Hapo ndipo umma wa Athens ulipojikomboa kwa mikono yake. Cleisthenes akarudishwa na kuugawa mji upya katika makabila kumi, kila kabila likichanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara, na kwa kufanya hivyo zile kambi za Tambarare, Pwani na Milima zikafa. Wakulima waliokopeshwa na Peisistratus wasifilisike ndio waliojaza mikutano ya utawala mpya. Hiyo nayo ni sehemu ya hesabu ya mtawala yule, hata kama hakuikusudia.

Lakini zile siku mbili za Acropolis hazikusimamishiwa sanamu. Hazikuwa na sura ya mtu mmoja mzuri, na huenda zingelazimisha maswali: kama tuliweza hivi, mbona tulikaa miaka 36? Sanamu zilikwenda kwa Harmodius na Aristogeiton. Xerxes, mfalme wa Uajemi, alipouteka mji mwaka 480 KK alizibeba kwenda Uajemi, na Waathene hawakukaa miaka mitano kabla ya kuchonga nyingine.

Hippias hakukoma. Wasparta walipogundua ulaghai wa Delphi walitaka kumrudisha, Wakorintho wakapinga, akaenda kwa Waajemi huko Sardis, na gavana Artaphernes akawaagiza Waathene wampokee kama wanapenda usalama. Walikataa. Mwaka 490 KK alirudi na meli za Mfalme Dario, mzee sasa, akiwaongoza mpaka Marathon, pwani ileile alikoshuka na baba yake. Akiwa anapanga watu ufukweni alishikwa na chafya na kikohozi kikali, jino likamruka likaangukia mchangani. Alilitafuta sana asilione. Akawaambia waliokuwa karibu kwamba nchi hii haitakuwa yao, sehemu yake imekwisha kuchukuliwa na jino. Jenerali wa upande wa pili, aliyeshinikiza vita vipiganwe na akashinda, alikuwa Miltiades mwana wa Cimon.

Miaka mitatu baadaye Waathene walitumia kwa mara ya kwanza kura ya vigae ya kumwondoa mtu mjini kwa miaka kumi. Wa kwanza kuondolewa alikuwa Hipparchus mwana wa Charmus, ndugu wa ukoo wa Peisistratus. Hofu ya mtu mmoja ikawa sehemu ya siasa zao. Mwaka 415 KK, sanamu za mungu Hermes zilipovunjwa usiku mmoja, mji mzima ulishikwa na wazimu wa kutafuta njama. Thucydides anatoa sababu: watu walikuwa wamesikia kwamba utawala ule ulikuwa mkali mwishoni, na kwamba haukuondolewa na wao wala Harmodius, bali na Wasparta. Walijua! Nyimbo waliziimba, na ukweli waliujua. Kwa hofu hiyo wakamwita jenerali wao Alcibiades kutoka vita vya Sicily ili wamhukumu, naye akatorokea Sparta. Jeshi alilokuwa ameliongoza likaangamia Sicily mwaka 413 KK.

Miaka miwili baadaye, hazina ikiwa tupu, wananchi waliitwa kwenye mkutano nje ya mji, mahali paitwapo Colonus. Hakukuwa na mtu mmoja wa kumwogopa safari hii. Hoja ilikuwa kulikabidhi dola baraza la watu 400, kwa ajili ya uokovu wa nchi. Ilipita bila hata mmoja kupinga.